Bibi Titi Mohamed: Mwimbaji wa ngoma aliyedhani hajui kuhutubia

Kila tunapopita na kinasa sauti katika soko la Tukuyu au kwenye mikutano ya mitaa hapa Makandana, jibu tunalolipata mara nyingi kutoka kwa akina mama ni kwamba wao hawajui kuongea. Mama anaweza kuwa muuzaji wa ndizi anayejua bei ya kila mkungu kutoka Kyimo hadi Kiwira, au mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana, au kiongozi wa kwaya anayesimama mbele ya mamia ya waumini kila Jumapili. Akiombwa aseme neno mbele ya watu, anamsukuma mwenzake mbele.

Makala haya yanamhusu mwanamke aliyekuwa na shaka hiyo hiyo. Aliijua sauti yake kwa kuimba, hakuijua kwa kuhutubia. Ndani ya miezi michache tu ya mwaka 1955 akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa Tanganyika, na ilipofika mwaka wa uhuru jina lake lilikuwa linatajwa karibu na la Mwalimu Julius Nyerere. Huyu ni Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake hadi leo. Wengi wetu tunaijua barabara hiyo kuliko tunavyomjua mwenyewe.

Mtoto wa Dar es Salaam

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mkulima, na wote walikuwa Waislamu. Baba hakupenda binti yake asome shule ya serikali. Alitaka asome Kurani, kama ilivyokuwa desturi ya wazazi wengi wa pwani wakati ule. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka mtoto shule, akasoma miaka minne.

Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama mabinti wengine wa mji, na akiwa na umri wa miaka 14 hivi akaozwa kwa mwanaume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo ilimpa mtoto wa kike, Halima, kisha ikavunjika. Baadaye aliolewa tena.

Tukiyatazama maisha hayo kwa macho ya leo, hatuoni mahali ambapo msichana huyu angejifunza kusimama mbele ya umati. Hakuwa na elimu ya sekondari. Hakujua Kiingereza cha kuzungumza na watawala. Mabinti wa rika lake walifundishwa kwamba heshima ya mwanamke iko ndani ya nyumba, na mambo ya utawala ni ya wanaume. Kwa hiyo shaka aliyokuja kuwa nayo haikuwa udhaifu wa tabia yake. Ilikuwa somo alilofundishwa tangu utotoni, kama walivyofundishwa wenzake wote.

Sauti ya kikundi cha Bomba

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo sauti ya mwanamke ilisikika bila kuombewa ruhusa: kwenye ngoma. Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 ilijaa vikundi vya ngoma vya wanawake. Walicheza lelemama na ngoma nyingine kwenye harusi na sherehe, walivaa sare, walishindana kikundi kwa kikundi, na walikuwa na viongozi wao wenyewe. Mwanachama akifiwa, kikundi kilichanga. Akioza mtoto, kikundi kilimsimamia.

Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kimoja kilichoitwa Bomba. Kazi ya mwimbaji kiongozi si ndogo. Ndiye anayeanzisha wimbo na wenzake wakaitikia, ndiye anayeona kama watu wamechoka au wamechangamka, na ndiye anayejua lini aongeze na lini akatishe. Anapaswa kukumbuka maneno mengi bila karatasi, na sauti yake lazima imfikie aliyesimama nyuma kabisa.

Mtu akiziorodhesha kazi hizo, ataona ni zile zile za mhutubiaji mzuri. Lakini Titi mwenyewe hakuziona hivyo. Kwake, ngoma ilikuwa ngoma na siasa ilikuwa siasa.

Swali la mgeni kutoka Uingereza

Chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Katika mwaka wake wa kwanza kilikuwa na tatizo la wanachama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na Waafrika wengi waliosoma walikuwa watumishi wa serikali. Aliyekuwa na mshahara aliogopa kuupoteza. Nyerere mwenyewe alilazimika kuchagua, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu pale Pugu ili awe mwanasiasa.

Katikati ya mwaka huo alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Alipozungumza na viongozi wa TANU aliwauliza kama chama kina sehemu ya wanawake. Walijibu kwamba ipo, ingawa ukweli ni kwamba haikuwepo. Akaomba kuwaona hao wanawake, na viongozi wakaanza kuhangaika.

Mmoja wao, Schneider Plantan, alimjua mume wa Titi, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi. Boi alikuwa tayari mwanachama wa TANU, na Titi naye alikuwa na kadi, kadi nambari 16. Plantan alimwendea Boi, akaomba mkewe aongoze sehemu ya wanawake. Ndivyo mambo yalivyokuwa: mume aliulizwa kwanza. Boi alikubali, na kukubali kwake hakukuwa jambo dogo katika mji ambao mwanaume aliyemruhusu mkewe kwenda kwenye mikutano ya hadhara alisemwa vibarazani.

Hivyo Titi, akiwa na umri wa miaka 29, akawa kiongozi wa kitu ambacho bado hakikuwepo.

Woga wa jukwaani

Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, Bibi Titi alimsimulia mtafiti wa Kimarekani Susan Geiger jinsi mambo yalivyokuwa. Hakujifanya shujaa wa tangu kuzaliwa. Alieleza wazi kwamba hakuwahi kutoa hotuba maishani mwake, na kwamba wazo la kusimama mbele ya umati na kuzungumza lilimtisha.

Tunaona umuhimu wa jambo hili kwa sababu picha ya Bibi Titi iliyobaki vichwani mwa Watanzania ni ya mwanamke asiyeogopa kitu: buibui, sauti kubwa, mkono juu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya baadaye. Anayeitazama leo akiwa na woga wake anaweza kudhani kwamba watu wa aina ile wameumbwa tofauti. Masimulizi yake mwenyewe yanakataa. Woga ulikuwepo, na alipanda jukwaani akiwa nao.

Alichofanya ni kusema yale aliyoyajua. Hakujaribu kuzungumza kama mwanasheria au kama mwalimu wa Makerere. Alizungumza Kiswahili cha mjini, cha wanawake wenzake, na hoja yake ilitoka nyumbani. Aliwaeleza kwamba wao ndio waliowazaa hao wanaume wote, kwamba wana nguvu wasiyoitumia, na kwamba uhuru hauwezi kuja ikiwa nusu ya nchi imekaa pembeni. Kila mwanamke aliyemsikiliza aliweza kuipima hoja hiyo kwa maisha yake mwenyewe, bila kuhitaji kusoma kitabu.

Julai 1955 sehemu ya wanawake ya TANU ilizinduliwa mbele ya wanawake wapatao 400. Akinamama kama Tatu binti Mzee walikuwa pamoja na Titi tangu siku hizo za mwanzo, na hilo nalo tusilipite haraka. Anayetetemeka akiwa peke yake hutetemeka kidogo zaidi akiwa na mwenzake pembeni.

Kutoka kikundi hadi kikundi

Titi hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, watu aliowajua na waliomjua, ambao jana walikuwa wapinzani wake kwenye mashindano. Kiongozi wa kikundi akishawishika, wanachama wake walifuata. Ule mtandao wa harusi, misiba na michango uliokuwepo miaka mingi ukageuka mtandao wa chama.

Wanawake hao walikuwa na nafasi ambayo wanaume wasomi hawakuwa nayo. Wengi hawakuajiriwa na serikali. Waliuza maandazi na vitumbua, walipika pombe, walipangisha vyumba. Marufuku ya serikali haikuwagusa, na shilingi waliyotoa kununua kadi ilikuwa yao wenyewe. Kilichodhaniwa kuwa upungufu, yaani kukosa elimu na kukosa ajira, katika kazi hii kikawa uhuru.

Matokeo yalionekana upesi. Ilipofika Oktoba 1955, miezi mitatu tu baada ya uzinduzi, wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga. Chama kilichohangaika kumtafuta mwanamke mmoja wa kumwonyesha mgeni sasa kilikuwa na jeshi zima.

Kuanzia hapo Bibi Titi alisafiri nchi nzima, mara nyingi pamoja na Nyerere, akihutubia watu ambao hawakumjua wala kuzijua ngoma za pwani. Hapa ndipo tunapoona kwamba uwezo wake haukuwa wa Dar es Salaam peke yake. Alijifunza kila jukwaa kwa kupanda jukwaa jingine. Kilichokuwa kigeni kwake mwaka 1955 kilikuwa kazi yake ya kila siku miaka miwili baadaye.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliingia bungeni na akawa waziri mdogo. Mtoto wa shule ya miaka minne, aliyewekwa ndani na kuozwa akiwa kigoli, sasa alikuwa serikalini.

Lakini mlima alioupanda ulikuwa na upande wa pili. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge, Rufiji. Kisha mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowataka viongozi wasiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi hakukubaliana na sharti hilo. Kwa wanawake wa mjini wa kizazi chake, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo akiba na pensheni, hasa kwa mwanamke ambaye ndoa yake inaweza kuvunjika wakati wowote. Alijiuzulu kutoka Kamati Kuu ya TANU.

Watu hutofautiana hadi leo kuhusu uamuzi huo. Wapo wanaoona kwamba aliweka mali mbele ya ujamaa, na wapo wanaoona kwamba alisema wazi jambo ambalo viongozi wengine walilificha. Sisi tunaona jambo moja lisilo na ubishi: mwanamke aliyewahi kuogopa kusema neno mbele ya watu alikuwa sasa anaweza kusema hapana mbele ya chama kizima, na kuondoka.

Kesi, kifungo na kimya

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa, pamoja na wengine, kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua serikali. Kesi ya uhaini ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, na ilichukua siku 127. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje na ambaye upande wa mashtaka ulimtaja kuwa kinara wa njama hiyo, alikuwa uhamishoni London na hakufika mahakamani. Bibi Titi alikana mashtaka tangu mwanzo na hakubadili msimamo huo hadi mwisho wa maisha yake. Mahakama ilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Alirudi kwenye mji ambao haukuwa ule aliouacha. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Marafiki wa siasa walikaa mbali naye, kwa kuwa kuonekana na mtu aliyefungwa kwa uhaini kulikuwa na hatari zake. Jina lake likaacha kutajwa katika sherehe za uhuru alioupigania, na kizazi cha watoto wa shule kikakua bila kumjua.

Aliishi maisha ya kimya kwa karibu miaka 20. Mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja tena kama shujaa wa mapambano hayo. Kidogo kidogo heshima yake ikarudi. Alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali moja ya Johannesburg, Afrika Kusini, alikokwenda kutibiwa.

Kwa nini tunamkumbuka hapa Rungwe

Tungeweza kuishia kwenye ushindi wa mwaka 1961, na hadithi ingekuwa tamu zaidi. Tumeona si haki kufanya hivyo. Watu wengi wanaofundisha kuhusu kujiamini huahidi kwamba ukishinda woga wako dunia itakulipa. Maisha ya Bibi Titi hayaahidi hivyo. Yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuushinda woga, akafanya kazi kubwa, akaanguka, akasahauliwa, na kazi aliyoifanya ikabaki kuwa kubwa vile vile. Wale wanawake 5,000 wa mwaka 1955 hawakufutika kwa sababu aliyewaandikisha alifungwa.

Tunayachukua mambo matatu kutoka kwake, na tunayaandika tukiwafikiria wasikilizaji wetu wa Makandana, Bulyaga, Kawetele na vijiji vya pembeni.

La kwanza, hakusubiri shaka iishe. Kama angesubiri hadi ajisikie yuko tayari, Hatch angerudi Uingereza bila kuona mwanamke hata mmoja wa TANU. Kujiamini kulikuja baada ya kazi kuanza. Mama anayetaka kugombea uenyekiti wa mtaa, au binti anayetaka kusomea kazi ambayo hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kuifanya, hana sababu ya kungoja siku ambayo moyo hautadunda.

La pili, alianzia kwenye kile alichokuwa nacho. Alikuwa na sauti, kumbukumbu, na jina zuri katika vikundi vya ngoma. Hapa kwetu ngoma za lelemama si nyingi, lakini tuna kwaya za kanisa, tuna vikundi vya kuweka na kukopa, tuna wakulima wa chai na parachichi wanaokaa pamoja kujadili bei. Anayeongoza kwaya anajua tayari jinsi ya kutazama watu 200 usoni. Mweka hazina wa kikundi anajua tayari jinsi ya kumweleza mtu mgumu habari mbaya kuhusu pesa. Ujuzi huo unahamishika, ila mwenye nao mara nyingi hauhesabu kuwa ujuzi.

La tatu, hakuwa peke yake. Palikuwa na mume aliyekubali kusemwa, palikuwa na Tatu binti Mzee, palikuwa na viongozi wa vikundi waliofungua milango. Kwa hiyo swali haliwahusu wenye woga tu. Linamhusu pia mume anayesikia mkewe akisema anataka kugombea, linamhusu mwalimu anayemwona msichana wa nyuma darasani akinyoosha mkono nusu kisha anaushusha, na linamhusu mwenyekiti wa mkutano anayewapa nafasi wale wale watatu kila mara. Titi aliombwa. Kuna wengi wenye uwezo kama wake ambao hakuna aliyewahi kuwaomba.

Nasi tunaofanya kazi ya redio tunajihesabu humo. Kipaza sauti kikielekezwa kwa anayejua kuongea tu, tutawasikia wale wale siku zote. Kwa hiyo katika mikutano ya mitaa tutaendelea kukaa kwa muda na akina mama wanaosema hawajui kuongea, tukianza na yale wanayoyajua vizuri: bei za mazao yao, mikopo ya kikundi chao, shule za watoto wao. Mama ambaye angependa kusikika, na anayehisi bado hajawa tayari, aje hivyo hivyo.